Sukumawiki sebuleni: Maji si tatizo, mwanga ndio ghali

NA MWANDISHI WETU

JIRANI yangu wa ghorofa ya tatu alipowasha taa zake kwa mara ya kwanza, sisi wapangaji wenzake tulidhani amefungua kilabu cha densi. Kila usiku dirisha lake lilitoa mwanga wa rangi ya zambarau, nao watoto wa ploti wakawa wanasimama uani wakiutazama kama watu waliokwenda sinema. Kumbe mama huyo wa watoto wawili alikuwa amegeuka mkulima.

Sebuleni mwake, mahali palipokuwa na kochi la wageni, palisimama rafu ya chuma yenye madaraja manne. Kila daraja lilikuwa na mifereji ya plastiki iliyopitisha maji, miche ya letasi, spinachi na sukumawiki, na taa mbili juu yake. Hapakuwa na chembe ya udongo. Aliyemuuzia alimwambia kwamba mkulima wa mjini hahitaji shamba, wala mvua, wala jua. Kwamba baada ya miezi mitatu pesa zake zitakuwa zimerudi, na kuanzia hapo ni faida tupu. Pesa zenyewe zilikuwa za chama. Zamu yake ilikuwa imefika, na badala ya kuzilipa karo ya muhula uliofuata aliona heri azizungushe kwanza.

Miezi minne baadaye taa zilizimwa. Si kwamba mboga zilikataa kumea. Zilimea, tena vizuri, nami nilizionja. Kilichomshinda mama wa watu ni tokeni za stima. Siku aliyoniita nimsaidie kuiondoa rafu ile alisema jambo ambalo sijalisahau: "Dadangu, mimi nilidhani nimenunua shamba. Kumbe nilinunua jua, na jua la dukani hulipiwa kila siku."

Makala haya yametokana na rafu hiyo. Aliniachia daraja moja, nami kwa muda wa mwaka mzima nimejaribu, nimekosea na nimejifunza. Nia yangu ni kukueleza wewe msomaji, unayeishi katika nyumba ya kupanga ambamo hata mahali pa kuanika nguo hugombaniwa, kilimo hiki ni nini hasa, kinafaa kwa kiasi gani, na ni wapi mtu hupotezea pesa zake.

Mmea hauli udongo

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba mmea hula udongo. Ukweli ni kwamba mmea hujitengenezea chakula chake wenyewe kutokana na hewa, maji na mwanga. Udongo kazi yake ni kuishika mizizi, kuhifadhi maji na kutoa madini. Ukiweza kuyafanya hayo matatu kwa njia nyingine, udongo unaweza kukaa kando.

Jambo hili si geni. Mwaka 1699 Mwingereza aitwaye John Woodward alichapisha matokeo ya jaribio lake la kuotesha mnanaa ndani ya maji. Aliona kwamba mnanaa uliotiwa katika maji yaliyochanganyika na udongo ulinawiri kuliko ule uliotiwa katika maji safi ya mvua, akatambua kwamba kuna kitu zaidi ya maji ambacho mmea hukihitaji. Katika miaka ya 1860 wataalamu wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walikuwa tayari wanajua kuchanganya chumvichumvi za madini katika maji na kukuzia mimea humo.

Hata hivyo, aliyeyatoa mambo haya katika maabara na kuyapeleka kwa wakulima ni William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Marekani. Kuanzia mwaka 1929 alitangaza kwamba mazao yanaweza kulimwa kwa maji, naye akaotesha minyanya iliyopanda juu zaidi ya mita 7. Mwaka 1937 aliupa ukulima huo jina la haidroponiki, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya maji na kazi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, kisiwa cha Wake katika bahari ya Pasifiki, ambacho hakina udongo wa kulimwa, kilikuza mboga kwa njia hii ili abiria wa ndege za Pan American waliotua humo wapate kula kitu kibichi.

Lakini wenzake Gericke katika chuo hicho hicho hawakushangilia sana. Mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon walieleza kwamba mazao ya majini hayakuzidi yale ya udongo mzuri, na kwamba mmea ukishapata madini yake yote, kinachouwekea mpaka ni mambo mengine, hasa mwanga na hewa kwenye mizizi. Lau muuzaji wa jirani yangu angetaja sentensi hiyo moja, huenda karo ingelipwa kwa wakati.

Hapa kwetu pia njia hii ipo. Huko Naivasha kuna mashamba ya maua ambayo mawaridi yake hayapandwi ardhini bali katika mawe mepesi ya volkeno au makumbi ya nazi yaliyosagwa, huku yakinyweshwa maji yenye mbolea. Tofauti ni kwamba waridi la Naivasha huota jua la bure mchana kutwa, ilhali sukumawiki ya sebuleni hutegemea waya.

Ndoo, kifuniko na pengo la hewa

Si lazima uwe na mifereji wala pampu. Njia niliyoitumia ni ile iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, nayo haina kifaa kinachotembea hata kimoja. Unachukua ndoo yenye kifuniko, unatoboa tundu kwenye kifuniko, unapachika humo kikombe cha yogati kilichotobolewa matundu mengi, na ndani ya kikombe unaweka mche uliooteshwa katika kipande cha sifongo. Ndoo unaijaza maji ya mbolea hadi yaguse kitako cha kikombe. Basi.

Siri iko katika yale yanayofuata. Mmea unapokunywa, maji hushuka, na kati ya maji na kifuniko hubaki pengo. Mizizi iliyo katika pengo hilo huota vinyweleo vya kuvuta hewa, huku ile ya chini ikiendelea kunywa. Mizizi hupumua kama sisi; ikikosa hewa huoza.

Hayo sikuyajua. Nilipoona maji yameshuka nilihisi huruma, nikaijaza ndoo hadi pomoni. Siku tatu baadaye spinachi zangu sita zilikuwa zimelala kama nguo zilizonyeshewa, na mizizi yake imegeuka rangi ya kahawia na kunuka. Nilikuwa nimezizamisha. Tangu hapo, nikiongeza maji, siongezi kupita nusu ya pengo.

Kuhusu mbolea, mmea unahitaji elementi 17. Tatu kati yazo, yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni, huzipata kutoka kwa hewa na maji. Zilizosalia 14 ni lazima uzitie wewe: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalisiamu, magnesiamu na salfa kwa kiasi kikubwa kidogo, kisha chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni, molibdenamu, klorini na nikeli kwa kiasi kidogo sana. Kwa sababu hiyo usitie DAP au CAN ya shambani ukadhani umemaliza, kwani hizo zina sehemu tu ya madini hayo. Tafuta mbolea iliyotengenezewa ukulima wa maji. Aghalabu huuzwa ikiwa sehemu mbili, A na B. Tia A katika maji mengi, koroga, ndipo utie B. Ukizichanganya zikiwa kali, kalisiamu hushikana na salfeti na fosfeti na kuganda kama chokaa chini ya ndoo, na mmea hauwezi tena kuinywa.

Maji ya kisima yalivyonitatiza

Jaribio langu la pili lilianza vyema. Juma la tatu majani machanga ya juu yakaanza kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nilidhani ni njaa, nikaongeza mbolea. Hali ikawa mbaya zaidi.

Kosa halikuwa katika mbolea bali katika maji. Maji mengi ya mfereji jijini Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, nayo ni maji laini yanayofaa sana kazi hii. Lakini ploti yetu, kama nyingine nyingi, hupewa maji ya kisima kilichochimbwa uani, na maji ya visima vya Nairobi mara nyingi huwa na chumvi za magadi. Maji ya namna hiyo huwa na kipimo cha pH kilicho juu. Mimea ya majini hupendelea pH kati ya 5.5 na 6.5, ikizidi sana hapo, madini ya chuma hubadilika umbo na mmea hushindwa kuyafyonza hata yakiwa tele. Mtu hufa kiu akiwa mtoni.

Ishara ni rahisi kukumbuka. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, shuku kwamba mmea umekosa chuma. Majani makuukuu ya chini yakianza kuwa manjano, shuku kwamba ni naitrojeni imepungua. Karatasi za kupimia pH huuzwa katika maduka ya vifaa vya maabara. Siku hizi nakinga maji ya mvua inaponyesha, na mvua isipokuwapo nayapunguza makali maji ya kisima kwa matone ya maji ya ndimu, ingawa athari yake haidumu na hunibidi nipime tena baada ya siku chache.

Jicho hudanganya

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Ingia sebuleni usiku, washa taa, nawe utaona kila kitu hadi sindano iliyoanguka. Utasema, "Hapa pana mwanga wa kutosha." Kumbe jicho la binadamu ni stadi wa kujirekebisha. Jua la adhuhuri hutoa mwanga wa karibu laksi 100,000, ilhali sebule ya kawaida usiku ina laksi mia chache tu. Kwako ni mwanga, kwa sukumawiki ni giza.

Mimi mwanzoni niliitundika taa karibu na dari ili isinisumbue macho. Miche ikarefuka kwa haraka, nikafurahi na kumwita mume wangu aje aone. Baada ya juma moja ikalegea na kuanguka. Ilikuwa ikiutafuta mwanga, si kunawiri. Umbali kutoka kwenye balbu ukiongezeka maradufu, mwanga unaofika hupungua hadi robo. Hivi sasa taa yangu iko sentimita 25 juu ya majani, na kando yake nimezungusha karatasi ya fedha ile ya jikoni ili mwanga usipotee ukutani.

Je, ni lazima taa iwe ya zambarau? La. Taa hizo zimetengenezwa kwa rangi nyekundu na buluu kwa kuwa ndizo majani huzifyonza zaidi, lakini taa nyeupe ya LED nayo ina rangi hizo ndani yake. Isitoshe, chini ya taa nyeupe unaweza kuona jani lililougua, jambo gumu chini ya zambarau. Balbu za zamani za waya ziepuke kabisa, maana sehemu kubwa ya stima yake huishia kuwa joto. Taa za LED ndizo zilizouwezesha ukulima huu wa ndani, nao Wajapani waliogundua LED ya buluu, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, walituzwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014.

Mboga za majani huhitaji taa kwa saa 14 hadi 16 kwa siku iwapo hazipati jua lolote. Na hapo ndipo pesa huanza kuhesabika.

Hesabu ambayo hakufanyiwa

Chukua karatasi na kalamu. Jirani yangu alikuwa na taa 8 za wati 40, jumla wati 320. Aliziwasha saa 16 kwa siku. Hiyo ni yuniti 5.12 kila siku, au yuniti 153.6 kwa siku 30. Tuseme yuniti moja, pamoja na kodi na tozo zake zote, ni Sh30. Anatumia Sh4,608 kwa mwezi kwa taa peke yake, mbali na pampu. Tena anayepita yuniti 100 kwa mwezi huingia katika kiwango cha juu cha malipo kuliko yule anayetumia kidogo, kwa hivyo hata pasi na televisheni yake vilipanda bei.

Ikiwa fungu la sukumawiki kwa mama mboga ni Sh20, pesa hizo zingemnunulia mafungu 230, yaani zaidi ya mafungu saba kila siku ya Mungu. Rafu yake haikutoa hata mawili.

Si yeye pekee aliyeteleza. Huko Marekani, kampuni kubwa za kulima mboga ndani ya majengo zilikusanya mamilioni ya dola kwa ahadi kama hizo. Juni 2023 kampuni ya AeroFarms iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na Novemba 2024 Bowery Farming ikafunga milango. Stima haikuwa sababu ya pekee, lakini jani la letasi ni bidhaa ya bei ndogo, nayo haiwezi kubeba gharama kubwa mgongoni.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walikadiria mwaka 2015 kwamba kilo moja ya letasi ya haidroponiki ilihitaji karibu lita 20 za maji, ikilinganishwa na lita 250 kwa ile ya shambani. Faida hiyo si haba, hasa kwetu tunaojua maana ya mfereji kukauka siku nne. Lakini letasi hiyo ya majini ilitumia nishati mara 82 zaidi. Sehemu kubwa ya nishati hiyo ilikuwa ya kupasha joto na kupoza hewa, kisha zikafuata taa. Nairobi hatuna haja ya kupasha joto wala kupoza. Kinachotubakia ni taa, na taa pia tunaweza kuzipunguza.

Hebu fikiri: nani hasa anahitaji jua la dukani? Tarehe 10 Agosti 2015 wanaanga katika kituo cha anga za juu walikula letasi waliyoikuza wenyewe chini ya taa za LED. Kwao hapakuwa na njia nyingine. Vivyo hivyo kwa anayeishi nchi ambazo majira ya baridi huzima jua kwa miezi. Lakini sisi tunakaa karibu na ikweta, na mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Shida yetu si ukosefu wa jua bali ni ghorofa zilizobanana. Mpangaji wa orofa ya chini kule Pipeline, Embakasi, anaweza kumaliza juma zima pasipo mwale kuingia dirishani, ilhali juu ya paa la jengo hilo hilo jua linaunguza kamba za nguo.

Kwa sababu hiyo mimi niliiweka rafu yangu karibu na dirisha linalopata mwanga wa asubuhi, nikanunua taa moja nyeupe ya wati 20. Laiti ningeiwasha saa 14 kwa siku, ningetumia yuniti 8.4 kwa mwezi, yaani Sh252. Lakini kwa kuwa dirisha linanisaidia, naiwasha saa tano tu kuanzia jioni. Hiyo ni yuniti 3, au Sh90 kwa mwezi. Kwa malipo hayo tunachuma letasi, dhania na spinachi mara mbili kwa juma. Haitulishi. Bado mama mboga ananijua kwa jina. Lakini dhania sinunui tena, na yale majani machache yanayoingia sufuriani najua yalinyweshwa maji gani. Kwa mzazi aliyesikia habari za mboga zinazomwagiliwa maji taka kandokando ya Mto Nairobi, utulivu huo una thamani yake.

Majani kwanza, matunda baadaye

Wasomaji wengi watauliza kuhusu nyanya na stroberi. Zinawezekana, ila fahamu kwamba tunda ni ghali kwa mmea kuliko jani. Mnyanya huhitaji mwanga mwingi, takriban maradufu ya letasi, nao pia huhitaji usiku. Ukiuwashia taa saa 24, majani yake huugua. Mnyanya wangu wa kwanza, ule wa nyanya ndogondogo, ulirefuka hadi kwenye pazia, ukachanua, kisha maua yote yakapukutika.

Makosa yalikuwa mawili. Kwanza mwanga ulikuwa haba. Pili, ndani ya nyumba hamna upepo wala nyuki. Ua la mnyanya lina dume na jike ndani yake, lakini chavua sharti itikiswe ndipo ishuke. Mpandaji wa ndani hulazimika kuwa nyuki mwenyewe: kila siku ya maua, mchana, pigapiga kishina cha ua kwa kidole. Stroberi nazo pitishia brashi laini ya rangi katikati ya kila ua, na usipofanya hivyo kwa ukamilifu tunda hutoka limepindapinda.

Mnyanya wangu wa pili niliupeleka barazani penye jua. Ulizaa. Si wa kutia gunia, lakini wanangu walizihesabu nyanya kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na ole wake aliyechuma moja bila ruhusa.

Kwa ufupi, ngazi ni hii: anza na dhania na letasi, kisha spinachi na sukumawiki, halafu pilipili na stroberi, na mwisho kabisa nyanya. Viazi, mahindi na ndizi waachie walio mashambani.

Tahadhari kabla ya hatari

Maji yaliyotuama ni kitanda cha mbu. Mbu aenezaye homa ya dengi, iliyowasumbua wakazi wa Mombasa mwaka 2013, hupenda kutaga katika vyombo vya maji karibu na nyumba. Ziba kila tundu lisilo na mche. Ndoo yenyewe iwe isiyopenya mwanga, au izungushie karatasi nyeusi, la sivyo maji yatageuka kijani kwa miani itakayoiba mbolea.

Stima na maji si marafiki. Soketi iwe juu ya ndoo, wala isiwe chini yake, na waya uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lisiufuate hadi ndani. Usiguse taa kwa mikono yenye maji. Mbolea nayo ifungiwe kabatini, ndani ya chombo chenye jina lake, kamwe isiwe katika chupa ya soda ambayo mtoto ataidhania kinywaji.

Kwa wanafunzi

Hili hapa jaribio la likizo. Tafuta chupa tatu za plastiki na miche mitatu ya sukumawiki iliyolingana. Ya kwanza itie katika maji matupu na uiweke dirishani. Ya pili itie katika maji ya mbolea na uiweke dirishani pia. Ya tatu itie katika maji ya mbolea lakini uifungie kabatini. Zote zifunike kwa karatasi nyeusi kwenye mizizi. Pima urefu kila baada ya siku tatu kwa majuma mawili, hesabu majani, na uandike rangi yake.

Usishangae ikiwa ule wa kabatini utaongoza kwa urefu mwanzoni. Mwonyeshe mwalimu wako na umweleze kwa nini mmea mrefu kuliko yote ndio utakaokufa wa kwanza. Ukiweza kujibu hilo, utakuwa umeelewa yale ambayo jirani yangu aliyalipia kwa pesa za karo.

Naye, kwa taarifa yako, hakukata tamaa. Karo aliilipa kidogokidogo baada ya kuketi na mwalimu mkuu na kumweleza hali ilivyo. Taa sita kati ya nane aliziuza kwa hasara. Kisha akamwendea mwenye nyumba, akaomba pembe moja ya paa karibu na kamba za nguo, akapandisha ndoo tisa huko. Zina spinachi na sukumawiki, na juu yake wavu wa kuzuia ndege. Mtambo wake hauna taa hata moja.

Juzi nilipopanda kuanika mashuka nilimkuta akichuma. Alinipa mkono mzima wa majani, na nilipotaka kumlipa alicheka akaelekeza kidole juu. "Nenda ukamlipe mwenye jua," alisema.

Msomaji, kabla hujatoa shilingi moja kwa yeyote anayekuuzia shamba la sebuleni, fanya mambo matatu. Tembea nyumbani kwako saa nne asubuhi na saa tisa alasiri uone jua linafika wapi. Soma wati zilizoandikwa kwenye taa, uzizidishe kwa saa na kwa bei ya yuniti yako. Kisha anza na ndoo moja. Ikikufundisha, ongeza ya pili. Haraka haraka haina baraka, na dhania nayo haijali kama umeianza leo au mwezi ujao.